Viziwi Kumi na Mmoja kwa Sufuria Moja

Mwezi wa kumi mwaka 1999, mtu mmoja alipiga sufuria nyuma ya watoto kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine, na watoto kumi na mmoja hawakugeuka.

Hawakushtuka. Hawakupepesa hata jicho.

Basi akaandika kwenye karatasi yake: viziwi, kumi na mmoja. Akagonga mhuri.

Shida ni kwamba asubuhi ile ile, watoto hao hao walikuwa wameimba na mimi.

Naitwa Kampire. Leo ni mtu mzima, mvi zimenianza, lakini nikilikumbuka jambo hili damu bado inanichemka. Kama unatafuta hadithi ya kubembelezwa, pita kushoto.

Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda siku za nyuma sana. Vita vilipotulia kabisa, mwishoni mwa 1998, tukarudi. Mwanzoni mwa 1999 nikapata kazi ya ulezi kwenye kituo kidogo cha watoto wenye ulemavu wa akili, mtaa wa Mbugangari, mjini Gisenyi, kando ya ziwa, mpakani.

Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuchekesha watu. Lakini Mbugangari ukijua Kiswahili hulali njaa, kwa hiyo sikuhangaika.

Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili, jiko, na stoo ya viazi. Mkurugenzi alikuwa Vestine, dada aliyerudi kutoka Uganda, mgeni pale kuliko hata mimi. Mpishi alikuwa Mukandutiye, mama wa Kanama aliyewahi kufanya biashara ya kuvuka mpaka kwenda Goma. Huyo ndiye aliyekuwa mkongwe wa kituo.

Na kulikuwa na Murekatete.

Miaka minane. Mwanya mbele, mashavu kama andazi. Kila mtu hana upendeleo mpaka akutane na mtoto kama yule, mtanisamehe.

Bibi yake alikuwa analima viazi huko Mudende. Hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, kwa hiyo akienda shambani alimfunga kamba kwenye mguu wa kitanda. Asubuhi mpaka jioni. Likizo ya Pasaka nilimpeleka mwenyewe, nikaiona ile kamba kwa macho yangu.

Kwetu Murekatete alikuwa ameanza kusema. Maneno manne tu, lakini yake. Mtoto wa kamba kitandani alikuwa anasema "amazi" akitaka maji, jamani!

Ndipo akaja Jack.

Wafadhili walitaka watoto wote wapimwe masikio. Mtu wa kupima ndiye huyo Jack, akatoka Goma, amesoma Ulaya miaka mingi, na ndiyo kwanza alikuwa amerudi. Kila mtu alimwita Docta. Alifika na gari safi, viatu vinang'aa, na kisanduku cheusi chenye mashine.

Kile kisanduku hakikushuka kwenye gari.

"Docta, na ile mashine?" nikamuuliza.

"Mademoiselle, ile mashine inaomba mutu ajibu. Akisikia sauti, anainua mukono. Haba batoto bataweza kuinua mukono? Ile ni ya bantu ya akili. Hapa tutafanya ya kienyeji."

Nikajiambia, yeye ndiye msomi.

Ya kienyeji ilikuwa sufuria. Mukandutiye siku hiyo hakuwepo, alikuwa Kanama msibani, kwa hiyo Jack akaingia jikoni mwenyewe akachukua ile kubwa ya kupikia uji wa watu wote. Ilikuwa nzito. Akaiegemeza kwenye benchi, nyuma ya mtoto aliyekaa, akashika upawa.

Paa!

Murekatete aliinamisha kichwa kidogo, mikono mapajani. Kimya.

Paa! Paa!

Kimya.

Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Mimi nimesimama pale nashangaa, kwa sababu hata mtu mzima angeruka.

Ni mmoja tu aliyegeuka. Gwiza, msichana wa miaka kumi, asiyesema hata neno moja. Pigo la kwanza tu, huyo kageuka, akaiangalia sufuria na kucheka.

"Huyu iko muzuri," Jack akasema. Akaandika: anasikia.

Dakika arobaini kazi imekwisha. Watoto kumi na wawili, dakika arobaini! Kunyoa nywele tu huchukua muda zaidi ya huo.

"Docta, hawa wanasikia," nikamwambia. "Asubuhi wameimba hapa hapa."

"Banaangalia kinywa yako, banafatisha. Nimesha kuona mingi ya namna hii."

Nikamgeukia Vestine. Naye akanitazama kwa ile huruma ya mabosi.

"My dear, wewe umesomea masikio?"

"Sijasomea. Ila nawajua."

"Basi ripoti ni ripoti."

Na ripoti ilikuwa na meno. Kituo hakikuwa na mwalimu wa viziwi, na wafadhili walikuwa wamesema wazi: asiyefaa kwa masomo yetu arudi nyumbani asubiri nafasi shule ya viziwi. Nani asiyejua kwamba shule za viziwi za wakati ule zilikuwa hazipokei mtoto mwenye ulemavu wa akili? Huku hapokelewi kwa sababu ya masikio, kule hapokelewi kwa sababu ya akili.

Ilikuwa Jumanne. Wazazi waliitwa kuja Ijumaa kuwachukua watoto wao.

Kwa Murekatete, nyumbani maana yake kamba.

Nilikasirika hadi chakula kikanikataa. Lakini kilichonimaliza si hasira, ni wasiwasi. Kwa nini hawakugeuka? Jumatano nikajaribu mwenyewe. Nikaenda nyuma ya Murekatete nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote. Kimya. Nikabamiza mlango. Kimya. Akainamisha kichwa tu, kama siku ile.

Nikaanza kujiuliza kama miezi yote ile nilikuwa najidanganya. Labda Docta yuko sahihi. Labda walikuwa wanaangalia midomo yangu kweli. Nilijifungia chooni nikalia.

Alhamisi asubuhi Mukandutiye akarudi kutoka msibani. Alinikuta napanga nguo za watoto kwenye mifuko.

"Juu ya nini unapanga nguo?"

Nikamweleza. Alinisikiliza kwa utulivu mpaka nilipofika kwenye sufuria. Hapo akaniwekea mkono begani.

"Alibapigia sufuria? Ile kubwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na habakugeuka?"

"Hawakugeuka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama."

Akakaa chini sakafuni. Akaanza kucheka, halafu nikaona machozi yanamtoka huku anacheka.

"Kampire mwanangu," akasema, "haba batoto balifaulu."

Sikuelewa.

"Wakati ya risasi," akasema, "tisini na saba, tisini na nane, we ulikuwa ungali Tanzania. Bote balikimbia hapa. Barabara ilifungwa, bazazi hawawezi kukuja. Mi nilibakia na batoto mu stoo ya viazi. Mutoto kama huyu akisikia risasi analia, anakimbia inje. Balikuwa kumi na tatu, Kampire. Mumoja alikimbia inje."

Mimi sikuuliza aliishia wapi.

"Bon. Nikabafundisha. Kila siku napiga sufuria, paa! Mwenye hageuke, mwenye hatikisike, anapata kiazi. Mwenye anageuka, hapati. Miezi ine. Banasemaka haba batoto hawajui kujifunza. Balijifunza! Kelele ikipiga, kichwa chini, mikono kwa mapaja, kimya. Njo maana bako hai."

Jamani.

Upepo wa ziwa ulikuwa ukibamiza mlango, wale watoto wote wananyamaza papo hapo. Miezi kumi nimeliona hilo. Mimi nilidhani ni adabu! Nilikuwa hata nawasifia kwa wageni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimekuja kulala wakati kunguni wameshakufa.

Nilitoka pale mbio. Sikuvaa hata kitambaa cha kichwa.

Jack alikuwa kwenye nyumba ya wageni kandokando ya ziwa, mbele yake sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, na bia baridi. Mhuri wake uko mezani pembeni ya pilipili.

Nikampa vidonge vyake. Kila kitu nilichokuambia hapo juu nilimmwagia, tena kwa sauti. Stoo, risasi, kiazi, yule wa kumi na tatu.

Alitafuna samaki wake mpaka akammeza.

"Ni habari ya huzuni. Lakini ripoti imesha kupigwa mhuri."

"Kwani mhuri wako unauma?"

"Pardon?"

"Nimesema hivi, Docta. Usipoinuka sasa hivi, nitaleta watoto kumi na wawili hapa, na sufuria yangu. Nitaipiga katikati ya meza hizi. Halafu nitawaeleza wageni wako mmoja mmoja umewapimaje, na mashine yako ilikuwa imekaa wapi."

Meza za jirani zilikuwa zimeshaacha kula. Afande mmoja alikuwa ameshusha gazeti kabisa, anamwangalia Jack.

Jack akafuta mikono. Akainuka.

Safari hii kisanduku kilishuka kwenye gari.

Sasa, tuwapimeje? Mukandutiye ndiye aliyejibu, tena kwa dharau.

"Kelele hapana. Koroga sukari mu kikombe. Haba hata bakiwa kwa choo batakuja."

Tukatandika mkeka chumba cha mbele. Mtoto anakaa, anacheza na viazi, mimi mbele yake. Mukandutiye nyuma, hatua tatu, mahali ambapo kivuli chake hakifiki. Hakuna benchi. Vestine kasimama ukutani kakunja mikono.

Akaanza Murekatete.

Kijiko kiligusa kikombe. Kidogo tu, hata mimi nilikisikia kwa shida.

Murekatete akaacha kiazi. Akageuka mwili mzima.

"Isukari!"

Nilipiga kelele kama mtu aliyeona jini. Vestine akakunjua mikono. Jack alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema kwa sauti ndogo, "Rudilieni."

Tukarudia upande wa kushoto, tukarudia upande wa kulia. Kila mara aligeuka kule kule kilikokuwa kikombe, na mara ya tatu alikasirika kwa sababu haonjeshwi.

Wa pili akageuka. Wa tatu. Wa nne alitambaa kabisa mpaka kwenye kikombe. Kumi na mmoja wote!

Mimi nikaanza kukunja mkeka. Gwiza si alishaandikwa anasikia?

"Hapana," Jack akasema. "Na ule mutoto."

Gwiza akakaa. Akaanza kupanga viazi, mkubwa mpaka mdogo, vizuri sana.

Kijiko kikakoroga.

Akaendelea kupanga.

Kikakoroga tena, karibu zaidi. Akaendelea kupanga. Mukandutiye akaita jina lake kwa sauti ya kawaida. Akaita kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto. Gwiza akachukua kiazi kidogo akakiweka mwisho wa mstari wake, ameridhika.

Jack akaenda kwenye ile benchi. Akaiwekea kiganja, akaipiga ngumi mwisho mwingine, akabaki ameinama pale.

"Sufuria niliweka kwa benchi," akasema. "Huyu hakusikia. Alisikia na matako."

Hakuna aliyecheka.

Akafungua mashine. Na hapa nitamsifia, kwa sababu haki ni haki: akiamua kufanya kazi, aliijua. Alimpa Gwiza kikombe na maharage. Kwanza akamwekea kile kidude cha sikioni kwenye kiganja, sauti kubwa, kikatetema. Kikitetema, harage moja linaingia kikombeni. Gwiza alielewa baada ya mara tatu. Mara tatu! Mchezo ambao Jumanne tuliambiwa ni wa watu wenye akili.

Halafu akamvalisha masikioni.

Gwiza akashika harage lake juu ya kikombe, akasubiri. Jack akazungusha kitufe. Akazungusha. Akazungusha mpaka kikagota mwisho, na sisi tuliokaa pembeni tukawa tunaisikia ile sauti inavyolia ndani.

Gwiza bado anasubiri. Anatuangalia usoni mmoja mmoja, aone kama mchezo umeanza.

"Pande zote mbili," Jack akasema. "Nafikiri tangu kuzaliwa."

Mukandutiye akajishika kichwa.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Huyu nilimunyimaka kiazi. Kila siku anageuka, kila siku namunyima. Nikasema huyu kichwa ngumu. Risasi ikipiga nilikuwa namulalia juu na mwili yangu yote, asitoke inje. Miezi ine, Kampire, nilimunyima kiazi."

Sasa nikuambie kitu ambacho sijakuambia tangu mwanzo.

Kituoni kulikuwa na daftari la tabia. Kila mtoto ana ukurasa. Ukurasa wa Gwiza niliuandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya Karagwe: jeuri. Akiitwa haji. Akikatazwa anaendelea. Anajifanya.

Na nilimpiga.

Si mara moja. Nilikuwa na kifimbo kidogo cha mkaratusi nyuma ya mlango. Nyoosha mkono, fyaa. Nyoosha mwingine, fyaa. Miezi kumi nzima nampiga mtoto kwa kosa la kutosikia, na kila nikimpiga ananiangalia mdomoni, na mimi nasema ona, hana hata aibu.

Unajua ile hasira niliyokwenda nayo kandokando ya ziwa? Ya kumkaripia msomi mbele ya sahani yake? Ilinirudia yote, na haikuwa na mahali pengine pa kwenda. Jack alikosea siku moja, dakika arobaini. Mimi nilikosea kila siku, na nilikuwa nalipwa mshahara.

Vestine aliichana ile karatasi mwenyewe. Jack akaandika nyingine, akagonga mhuri, akaondoka bila kuaga. Ijumaa bibi wa Murekatete akafika kutoka Mudende na kanga ya kumbebea mjukuu. Nikampa uji, nikamwambia arudi mikono mitupu. Alikaa muda mrefu ananishika mkono tu.

Gwiza alipelekwa shule ya viziwi, mbali, mkoa mwingine. Huko walimpima akili wakasema hana kasoro. Watu wakinisikia nikisema hivyo hushtuka: "Masikini, kumbe alikuwa mzima!" Hapo ndipo napandwa tena. Na kama angekuwa na ulemavu wa akili, je? Fimbo ingekuwa halali? Wale kumi na mmoja akili zao ni zile zile mpaka leo, na walikuwa na haki ya ile mashine tangu Jumanne.

Miaka mingi ilipita. Gwiza ni fundi cherehani sasa, ana duka lake Mbugangari na wasichana wawili anaowafundisha. Nilienda kumwona. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, na mmoja wa wasichana hao, Umutoni, ambaye anasikia, alikuwa wa kunitafsiria.

Gwiza akanitambua mlangoni. Akawageukia wale wasichana, akanyoosha kiganja cha kushoto, akakigonga kwa kidole cha shahada. Mara mbili. Halafu akanielekezea mimi.

"Anasema nini?" nikauliza.

Umutoni akaweka mkasi chini.

"Viziwi hawataji jina kwa mdomo, mama. Kila mtu hupewa alama yake. Hiyo ni yako. Alikuwa ananisimulia habari zako siku zote, ila sikujua kwamba ni wewe."

"Alama ina maana gani?"

"Fimbo."

Nilimwomba msamaha. Nililia, nikapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa. Gwiza aliniinua, akanikumbatia, akasema kwa mikono yake kwamba yalishapita. Nikamwuliza kama anaweza kunipa jina jingine.

Akatikisa kichwa. Umutoni akatafsiri: "Anasema hana kinyongo. Lakini jina ni jina, hivyo ndivyo anavyokujua."

Akachukua futi yake akanipima gauni.

Basi wewe unayesoma hapa, mwalimu, mzazi, au docta wa mhuri: mtoto asipogeuka, usikimbilie kuandika. Waulize waliomlea amepitia nini, mpime kwa kitu anachokipenda, na mpime hata yule unayedhani unamjua. Ukiona huna muda huo, fanya kazi nyingine, dunia ina kazi nyingi. Mimi nilikuwa na muda wote, nikautumia kutafuta fimbo.